Sura ya Kijani, Mtandio wa Zambarau

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililopata moto, lile linalotoka kwenye matundu ya nyuma ya runinga za zamani zenye mgongo mrefu, pua yangu huanza kutafuta harufu ya ufuta. Haiipati, maana siku hizi nakaa mjini na ufuta nauona juu ya mkate tu. Lakini kwangu mimi harufu hizo mbili ni ndugu. Zilikaa nyumba moja, kule kwetu Ruangwa, mwaka nilipowekwa ndani.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Kwetu msichana akivunja ungo aliitwa mwali, akatengewa chumba, na humo alikaa mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Hakutoka kwenye jua. Hakuonwa na mwanamume yeyote, hata baba yake mzazi. Hakuongea kwa sauti. Wenzangu wengine walikaa miezi. Mimi, kwa kuwa baba aliipenda shule kuliko mimi nilivyoipenda, nilikatiwa wiki tano, likizo yote ya mwezi wa sita na siku kadhaa za kuibia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, kabla nguzo za umeme hazijafika mtaani kwetu.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Kulikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na magunia tisa ya ufuta kutoka shamba letu la Mandawa yaliyopangwa mpaka karibu na dirisha. Dirisha lilizibwa kwa turubai. Mchana joto lilipopanda, ufuta ulitoa harufu nzito ya mafuta iliyoingia kwenye nywele na kwenye uji, na usiku panya walitembea juu ya magunia kwa uhuru ambao mimi sikuwa nao. Niliwaonea wivu, sifichi.

Mlinzi wangu alikuwa bibi mzaa mama, aliyeletwa kutoka Nambilanje kwa kazi hiyo. Alisema Kimwera, Kiswahili alikitumia kwa watu wa serikali na kwa mbuzi wa jirani. Alinifundisha kukaa, kusalimia, kupokea kitu kwa mikono miwili, na kunyamaza. Kunyamaza ndilo lilikuwa somo refu kuliko yote, na nililifeli kila siku. Kila nilipofeli alinikumbusha jambo moja: mwali akionekana ametoka, hesabu inaanza upya kutoka siku ya kwanza.

Kati ya stoo na sebule palikuwa na pazia tu, na sebuleni ndiko ilikokaa runinga. Baba alikuwa karani wa ghala la korosho Nachingwea na nyumbani alikuja Ijumaa. Runinga hiyo ya rangi, inchi kumi na nne, na deki yake, alizipata kwa mwalimu aliyehamishwa mkoa. Tuliziendesha kwa sola na betri ya gari. Hapakuwa na kituo kilichofika kwetu bila dishi, na dishi hatukuwa nalo, kwa hiyo runinga yetu ilikuwa ya kuangalia sidii tu. Siku nilipoingia ndani Bibi aliamuru ifunikwe kwa kitambaa cha meza. Aliona haifai mwali alale jirani na watu wanaokata viuno.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyobanana. Dada yangu Somoe, mkubwa wangu kwa miaka minane, alikuwa Morogoro kwa shangazi akijifunza cherehani. Huko akapata mchumba, na upande wa mume wakapanga harusi bila kumuuliza mtu. Siku waliyoichagua iliangukia katikati ya wiki zangu tano. Na kwa Bibi lilikuwa neno lisilojadiliwa kwamba mama wa mwali halali nje ya nyumba yake. Mama alimbembeleza siku tatu. Nilimsikia kupitia pazia, sauti yake ikishuka kila siku, mpaka siku ya tatu akaacha na kwenda kuchota maji.

Nilijua ni mimi niliyemzuia. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikaa vibaya zaidi. Tulikuwa wafungwa wawili katika nyumba moja, ila yeye aliruhusiwa kwenda kisimani.

Basi mama akatuma mtandio. Ulikuwa wa zambarau iliyokolea, kitambaa kitupu kisicho na ua wala maandishi. Bibi alimfunika nao mama siku ya kumtoa ndani, mama akamfunika nao Somoe siku yake, na ningefunikwa nao mimi pia. Alimkabidhi baba aupeleke Morogoro. Maagizo yake nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu aliyarudia kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Mwambie akitoka kwenda kwa mumewe, ajifunike huu. Siwezi kufika kumtoa mwenyewe, huu ndio utamtoa. Usisahau kumwambia hivyo."

"Nitamwambia, mama Somoe."

Baba alikwenda, akarudi. Mama alimngoja mlangoni na hata pole ya safari ilichelewa.

"Alivaa nini?"

"Alivaa nguo nzuri."

"Kichwani je?"

"Walimfunika," baba akasema.

"Walimfunika na nini?"

"Walimfunika vizuri tu," akajibu, na mama akaenda zake jikoni. Baba yangu alikuwa mtu mwema aliyeweza kutaja daraja la korosho kwa kuishika gizani, lakini nguo za wanawake zilimpita.

Harusi ilikuwa imerekodiwa, kwa hiyo tukabaki kuisubiri sidii.

Hapo ndipo inapoingia dhambi yangu. Wiki ya pili, mchana mmoja, Bibi alilala baada ya kula na mama alikuwa kisimani. Nilikuwa nimehesabu nyuzi za gunia la karibu mpaka zikaanza kutembea. Nikainua pazia. Nikafunua kitambaa cha meza, nikawasha, sauti nikaiweka sifuri, nikakaa sakafuni kuangalia wachezaji wa ngoma wakitikisika kimya kimya. Kwa robo saa nilikuwa mtu huru. Kisha nikachoka, maana ngoma isiyo na sauti ni kama watu wanaokung'uta siafu, nikaanza kuchezea rimoti. Kwenye ile ya deki palikuwa na kitufe chenye herufi mbili. Nikakibonyeza, picha ikaruka mara moja na kutulia. Kwenye rimoti ya runinga nikafungua orodha ya mipangilio ya picha, nikakuta mstari wa rangi ambao siku zote ulikuwa haushikiki, leo, baada ya kile kitufe, unashikika. Nikausogeza hadi mwisho, nikaona watu wanabadilika rangi. Nilicheka kwa kuziba mdomo. Kabla sijaurudisha nikasikia ndoo ya mama ikitua uani. Nikazima, nikafunika, nikaruka ndani. Sikuwaza tena habari ile.

Sidii ilifika wiki ya tatu, kwa kondakta wa basi, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na mtandio. Mtandio ulikuwa umekunjwa mraba. Niliona kwa tundu la pazia jinsi mama alivyoushika kwanza kabla ya sidii. Aliunusa. Akaunusa tena upande wa pili. Siku ile sikuelewa alikuwa anatafuta nini. Mtandio wa bibi harusi hurudi na udi na manukato na jasho la watu waliokumbatiana, na huu ulirudi na harufu ya dawa ya nondo aliyoutuma nayo.

Ijumaa baba alipokuja, majirani wanawake wakajaa sebuleni, mkeka ukatandikwa, kitambaa cha meza kikaondolewa. Bibi alikaa mgongo wake ukiwa kwenye pazia langu, kuhakikisha siangalii, na mimi niliangalia kwa juu ya bega lake. Vumbi likapata moto, harufu ikatoka, picha ikaja.

Dada Somoe alikuwa wa kijani.

Si kijani kidogo. Uso wake ulikuwa rangi ya embe ng'ong'o, na wa bwana harusi pia, na wa shangazi, na wa imamu. Udongo wa Morogoro ulikuwa wa manjano kama bizari, na majani ya miti yalikuwa ya bluu. Mtoto mmoja sebuleni akasema shangazi amekuwa chura, akafinywa. Wanawake walicheka, kisha wakaacha kwa sababu mama hakucheka. Niliijua rangi ile. Nilijua na mahali ilipotoka.

Baba alichomoa waya wa njano akauchomeka tena. Alipiga kofi ubavu wa runinga, mara ya kwanza kwa adabu. Hakuna kilichobadilika. Na hapo ndipo bibi harusi alipotoka mlangoni kwa shangazi, amefunikwa kichwa, anaelekea kwenye gari. Mama aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye kioo na ule mtandio mkononi, akaushikilia kando ya picha. Zambarau na zambarau. Hazikutofautiana.

"Ni wenyewe," akasema. "Tivii imekosea sura, lakini mtandio haijaukosea. Ni wenyewe huu."

Akakaa chini akalia kidogo, na wanawake wakapiga vigelegele. Tangu mfuko wa nailoni ulipofika nilikuwa sijaona mabega yake yakishuka.

Lakini furaha ile ilikuwa nusu. Kila alipopata nafasi siku zilizofuata aliwasha aone tena, na kila mara alilalamika jambo lile lile. "Kama ningeiona na sura yake tu. Sijui hata kama alikuwa amenona au amekonda." Alisogeza uso mpaka ukakaribia kioo, na rangi ya kijani ikamwangukia na yeye.

Akaletwa fundi Hashimu kutoka Nachingwea, mtu aliyeshuka kwenye basi na begi la bisibisi na sifa nyingi. Alimwamkia Bibi, akapewa chai, akaanza. Spika ya redio iliyokuwa jirani na runinga aliihamisha chumba cha pili, kwa sababu, alisema, sumaku yake inavuta rangi. Alibadilisha waya. Alifungua mgongo wa runinga akapuliza vumbi la miaka, na harufu ikanifikia kwenye magunia. Sura zikabaki za kijani. Basi ni deki, akasema, akaichukua kwenda nayo Nachingwea. Ijumaa baba akarudi nayo na habari za kustaajabisha: kwenye runinga ya fundi watu walikuwa weusi na maji ya kunde kama Mungu alivyowaumba. Akaichomeka kwetu. Kijani.

Fundi alituma neno kwamba tyubu ya runinga yetu imechoka upande wa rangi nyekundu na haina dawa. Bibi alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Picha nzima Nachingwea, mbovu hapa. Basi ubaya uko ndani ya nyumba hii. Na ndani ya nyumba hii kuna mwali. Kuna mwiko umevunjwa, akasema kwa Kimwera, polepole, na hakugeuka kulitazama pazia. Hakuwa amekosea, ndilo lililoniumiza. Nililala usiku ule nikihesabu: wiki mbili zimebaki, au tano upya. Shule ingefunguliwa bila mimi. Na mama, aliyeikosa harusi kwa ajili yangu, sasa anaikosa sura kwa ajili ya kidole changu.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano Bibi alikwenda msibani mtaa wa pili, na mama akawasha. Niliona mgongo wake. Alikuwa peke yake, mtandio uko mapajani, na alikuwa anaongea na Dada kama mtu anayeongea na simu mbovu: "Geuka kidogo, mwanangu. Geuka nikuone." Sikuweza tena.

"Mama," nikasema nyuma ya pazia. "Si tyubu. Ni mimi."

Aliinuka bila kugeuka. Kisha akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo, akarudi, akainua pazia kwa mkono wake mwenyewe. Ukiacha ile robo saa ya wizi, nilikuwa na wiki nne sijasimama mahali penye mwanga. Hakunipiga, hakuuliza nilitoka lini. Alinipa rimoti.

Nilifungua orodha, nikautafuta ule mstari, nikaanza kuurudisha katikati, kidogo kidogo. Bizari ikatoka kwenye udongo. Bluu ikatoka kwenye majani. Na kijani kikatoka usoni kwa Dada Somoe kama mtu anayenawa, akabaki alivyo, mweusi wa kung'aa, na kile kishimo cha shavuni alichokirithi kwa mama. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Alipiga magoti.

"Amenona," akasema. "Hebu muone. Amenona."

Nilijisikia malaika. Nilijua nitasamehewa, nilijua hata Bibi atasamehe. Picha ikaendelea, mlango wa shangazi ukafunguliwa, na bibi harusi akatoka akielekea kwenye gari.

Mtandio ulikuwa wa bluu.

Bluu ya kawaida, bluu ya sketi za shule. Mama aliuinua wa kwake kutoka mapajani, akaupeleka kwenye kioo kama alivyofanya mbele ya wanawake, na sasa zilikuwa rangi mbili ambazo hata baba yangu angezitofautisha. Mkono wake ulibaki hewani. Gari la harusi likaondoka kwenye picha, watu wakapunga mikono, na bado mkono ulikuwa hewani.

"Irudishe," akasema.

Sikuelewa. "Niirudishe wapi, mama?"

"Ilipokuwa."

"Lakini sura yake itakuwa..."

"Nimeshamwona. Irudishe."

Nikausogeza mstari mpaka mwisho. Dada akarudi kuwa wa kijani na mtandio ukarudi kuwa wa mama. Alizima, akafunika kwa kitambaa cha meza, akanikokota kwa upole hadi kwenye magunia yangu, akaliweka pazia sawa. Mimi nililia nikidhani nimemkosea kwa kutoka. Bibi aliporudi msibani aliuliza habari za nyumbani, na mama akamjibu kwamba ni nzuri, mwali amelala.

Hesabu yangu haikuanza upya. Wiki moja baadaye nilitolewa kwa ngoma, na mama alinifunika ule mtandio wenye harufu ya dawa ya nondo, akaubana chini ya kidevu changu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jua liliniumiza macho. Runinga ilibaki vile vile. Baba alitaka kuipeleka Nachingwea ifunguliwe tena, mama akakataa, akasema fundi ameshasema tyubu imechoka na yeye ameizoea. Wageni walipokuja waliwekewa harusi ya watu wa kijani, na mama aliwaonyesha mtandio kwa kidole. Kila mara nilikaa pale nikiwa na rimoti karibu na mkono wangu, na sikuigusa. Niliwahi kudhani kifungo ni stoo na turubai dirishani. Kukaa mle sebuleni nikijua ninachokijua kulinibana zaidi.

Dada Somoe alikuja baada ya miaka miwili, na mtoto mgongoni. Usiku wa kwanza, tukiwa tunapepeta mchele uani, aliniambia bila kuulizwa. Mama mkwe alisema mtandio wa nyumbani kwetu unanuka stoo, hautaingia kwenye picha. Wakamletea wa kwao, wamemzunguka watu kumi, mshika kamera anasubiri. "Ningefanyaje?" akasema. Alikuwa amekuja kumwomba mama radhi, na alikuwa ameyapanga maneno tangu Morogoro. Niliitafuta namna ya kumwambia asiseme, sikuipata.

Asubuhi alipiga magoti mbele ya mama akaanza, "Mama, kuhusu ule mtandio..."

Mama hakumwacha amalize. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, huku na huku, akauangalia hata Dada akaona haya.

"Ulikupendeza," akamwambia. "Kila aliyekuja hapa nimemwonyesha."

Dada alinitazama juu ya bega la mama, nami nikatazama chini.

Kwa miaka mingi nilifikiri mama alijidanganya, na kwamba mimi ndiye niliyemsaidia kujidanganya. Sasa nina binti yangu, na mtandio uko kwangu, umepauka. Siku ile mama alikuwa na dakika chache za kuchagua, mbele ya kioo cha inchi kumi na nne: uso wa mwanawe ulivyo, au mwanawe asiye na lawama, aliyejifunika mtandio wa mama yake. Hakuweza kupata vyote viwili kwenye picha moja. Uso alioulilia majuma mazima aliuangalia mara moja, akaniambia niirudishe rangi, na akakaa miaka miwili na sura ya kijani akisubiri huyu wa kweli aje, amshike mashavu.